Kutambua Hedi Iliyotengenezwa kwa Ustadi

Katika kazi zote za injini ambazo mtu mwenye vyombo vya wastani na subira ya kutosha aweza kuzifanya katika ua wa nyumba yake, hakuna iliyo rahisi kughushiwa kama kazi ya kufungua na kutengeneza hedi. Maana ikisha kufungwa, nyuso zote zilizoamua wema au ubaya wake zimekwisha kufichika, na kinachobaki mbele ya macho ya mwenye gari ni kifuniko kilichosuguliwa, bolti zilizofutwa mafuta, na injini inayowaka. Injini kuwaka si ithibati ya kazi njema, kwani hedi iliyotengenezwa vibaya nayo huwaka, na aghalabu huenda kwa utulivu majuma kadha kabla ya aibu yake kudhihirika njiani, mbali na fundi aliyeifunga. Kwa hiyo mtu atakaye kuwa mweledi wa kazi hii, awe ndiye mtenzi mwenyewe au awe mwenye gari anayemtazama mtenzi, sharti ajifunze kuhukumu wakati hedi ingali mezani, kwa jicho, kwa ukucha, kwa fila geji na kwa kikombe cha mafuta ya taa. Atakachokihukumu, kwa majina yoyote kitakayopewa, ni kitu kimoja tu: namna uso mmoja unavyokutana na mwingine, hedi na gasketi, vali na siti, shina la vali na bushi yake.

Nachukua kwa mfano injini ya Toyota iitwayo 4A-FE, yenye silinda 4, vali 16 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,587, iliyofungwa katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 ambazo hata leo zinahudumia familia na madereva wa teksi katika miji yetu. Nimeichagua kwa sababu bloku yake ni ya chuma cha kusubu na hedi yake ni ya alumini, na katika mchanganyiko huo ndimo yalimo masaibu mengi ya hedi. Alumini ikipata moto hutanuka kiasi cha maradufu ya chuma cha kusubu. Basi vipande hivi viwili, ijapokuwa vimekazwa pamoja kwa bolti 10, havilingani mwendo kila injini ipatapo joto na kila ipoapo, na gasketi iliyo baina yake hulazimika kustahimili msuguano huo huku ikitenga vitu vitatu visivyopaswa kukutana kamwe, yaani moto wa silinda, mafuta yenye shinikizo, na maji. Gari likichemsha, alumini hutaka kutanuka wala haipati nafasi, kwa kuwa bolti zimeishika. Ikizidiwa hulainika na kukubali umbo jipya, na ikisha kupoa hubaki imepinda.

Utambuzi huanza kabla ya spana ya kwanza kushikwa. Fundi afunguaye hedi bila ya kupima kompresheni hajui anatafuta nini, na lililo baya zaidi, hatakuwa na cha kulinganisha nacho kazi itakapokwisha. Kipimo hufanywa injini ikiwa na joto lake la kawaida, plagi zote zikiwa zimetolewa, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, na betri ikiwa na nguvu kamili. Injini hii ikiwa na afya hutoa kilo 13.5 hivi kwa sentimita ya mraba. Ikishuka chini ya 10 ni mgonjwa, na tofauti baina ya silinda na silinda isizidi kilo 1. Silinda iliyo dhaifu hutiwa kijiko cha mafuta ya injini kwa tundu la plagi na kupimwa tena: kipimo kikipanda sana, udhaifu umo katika ringi, na kufungua hedi hakutauponya; kisipopanda, vali au gasketi ndizo za kutuhumiwa; na iwapo silinda mbili zilizo jirani zimeshuka pamoja, dhana ya kwanza iwe kwamba gasketi imeungua katika kile kipande chembamba kilicho kati yake. Dalili nyingine husaidia, kama vile mapovu katika rejeta, moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto, au mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa. Ila hili la mwisho lisiaminiwe peke yake, kwa kuwa gari la safari fupi fupi laweza kukusanya utando wa namna hiyo chini ya kifuniko cha mafuta bila ya gasketi kuwa na kosa lolote. Vipimo vyote viandikwe kwa wino, kila silinda kwa namba yake.

Hedi haifunguliwi ikiwa na moto. Ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku kucha, kisha bolti zilegezwe kwa awamu, kutoka pembeni kuelekea katikati, kila moja kidogo kidogo, maana kuzifungua kwa pupa kutoka upande mmoja kwaweza kuipinda hedi iliyokuwa nyoofu. Lakini kabla ya hapo ziko kamshafti, na hapa injini hii inayo mtihani wake wa siri unaotenganisha ajuaye na abahatishaye. Kamshafti mbili hizi hushikana kwa meno, na moja kati yake ina gurudumu la meno lililo pacha, linalosukumwa na springi ili kuondoa mlio. Sharti pacha hao wafungwe pamoja kwa bolti ndogo ya milimita 6 kabla ya shafti kutolewa, na shafti yenyewe ishushwe na kupandishwa ikiwa sawasawa, bila ya kuinama upande, kwa kuwa nafasi yake ya kusogea ni ndogo mno na ikiinama yaweza kupasua sehemu ya hedi inayoizuia. Ukimwona fundi anaitafuta ile bolti ndogo kabla hajagusa vifuniko vya kamshafti, tulia, gari limo mikononi mwa mtu anayelijua. Ukimwona ameshika bisibisi na nyundo akitaka kuipenyeza baina ya hedi na bloku, mzuie hapo hapo, maana kovu moja la bisibisi katika uso wa alumini laweza kuwa njia ya maji kwa maisha yote ya gasketi itakayofuata.

Kila vali, kila springi, kila kikombe cha tapeti na kila kisahani cha shimu kiwekwe katika ubao au boksi la karatasi ngumu lililotobolewa na kuandikwa namba, kwa sababu kila vali imekwisha zoeana na siti yake na bushi yake, na kuichanganya ni kubatilisha mazoea hayo. Katika hedi ya vali 16, meza isiyo na namba ni shahidi tosha wa kazi itakavyokuwa.

Sasa hedi imetoka, imegeuzwa, nayo ni chafu. Na hapa ndipo mweledi anapopunguza mwendo, ilhali mwenye haraka hukimbilia petroli na brashi. Hedi isioshwe kabla ya kutazamwa. Vyumba vinne vya moto vilinganishwe rangi: masizi makavu ya rangi ya kahawia au kijivu ni hali njema, ukoko mweusi wenye unyevu wa mafuta ni habari ya ringi au ya sili za vali, na chumba kilichong'aa, safi kuliko vyote, ambacho mtu asiyejua angekisifu, ndicho cha kuogopwa, maana kimeoshwa na mvuke wa maji yaliyokuwa yakipenya. Gasketi ya zamani isitupwe. Ilazwe juu ya hedi, na pete zake za chuma zitazamwe moja moja, mahali palipokoza weusi pakionesha njia moto ulimopitia. Migongo ya vali za kuingizia ikiwa na donge la kaboni lenye mafuta, sili zimekufa au bushi zimelika. Ukingo wa vali ya kutolea moshi ukiwa na kipande kilichopauka au kilichomeguka, vali hiyo haikuwa ikikaa juu ya siti yake, na sababu sharti ijulikane kabla ya kuibadilisha, la sivyo mpya itaungua vivyo hivyo. Mimi huthamini sana fundi atumiaye muda mrefu katika hatua hii, ameinama, hasemi neno, akigeuza kipande hiki na kile penye mwanga, kuliko yule anayejisifu kwa wepesi wa mkono.

Usafishaji una adabu zake. Gasketi iliyoganda huondolewa kwa kikwanguo cha mti au cha plastiki na dawa ya kulainisha. Alumini ni laini, na msasa unaozungushwa kwa mashine huila pasipo mtu kuhisi, ukiacha mabonde madogo ambayo jicho halitayaona. Fauka ya hayo, vumbi la msasa huo likiingia katika mifereji ya mafuta hufika mpaka kwenye beringi za krankshafti na kuzitafuna. Silinda na matundu ya bloku yazibwe kwa vitambaa safi wakati wote hedi iwapo nje, wala krankshafti isizungushwe ovyo.

Ndipo hufuata kipimo cha unyoofu, ambacho watu wengi hukitaja na wachache hukifanya ipasavyo. Rula ya fundi seremala haifai; hutakiwa upapi wa chuma ulionyooshwa kwa kazi hiyo, ulazwe ukingo wake juu ya uso wa hedi kwa urefu pande zote mbili, kwa upana, na kwa hanamu kutoka pembe hadi pembe, na kila mahali fila geji ijaribiwe chini yake. Kikomo cha uso unaokutana na bloku katika injini hii ni milimita 0.05, na unywele wa kichwa aghalabu ni mnene kuliko hapo. Upande wa manifodi kikomo ni milimita 0.10. Uso wa bloku nao upimwe, ingawa karibu kila mtu huusahau, kwani hedi nyoofu juu ya bloku iliyobonyea haitaziba.

Iwapo hedi imepinda kupita kikomo, hupelekwa kwa mwenye mashine ikaskimiwe, na hapo uko mtego ambao napenda kuueleza kwa urefu kidogo. Hedi ikipinda haipindi uso wa chini peke yake. Hupinda yote, na makao ya kamshafti yaliyo juu hupinda pamoja nayo. Mashine ikichonga uso wa chini, uso huo hunyooka na mwenye gari hufurahi, lakini makao ya juu yamebaki kama yalivyokuwa, na kamshafti iliyo nyoofu inalazwa katika kitanda kilichopinda. Jaribio lake ni jepesi na halihitaji chombo cha thamani: kabla ya vali na tapeti kurudishwa, lazeni kamshafti peke yake penye mafuta safi, kazeni vifuniko vyake kwa nguvu iliyoagizwa, niutoni-mita 13, kisha izungusheni kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini toka mwanzo hadi mwisho, hedi ni nyoofu kweli. Ikiwa nzito mahali fulani na nyepesi mahali pengine, hedi hiyo imenyooshwa nusu. Karakana zenye ujuzi hurekebisha jambo hili kwa kuifunga hedi juu ya bamba nene la chuma na kuipasha moto polepole mpaka irejee umbo lake, na baada ya hapo tu ndipo huchonga kile kidogo kilichobaki.

Uso uliotoka mashineni husomwa kwa mwanga wa pembeni. Nyayo za kisu cha mashine zienee kwa namna moja kutoka mwisho mmoja hadi wa pili; zikififia kwenye pembe moja, pembe hiyo ni bonde ambalo kisu hakikulifikia. Ukucha ukipitishwa juu yake uteleze bila ya kukwama, hususan kama gasketi itakayotumika ni ya mabati yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa hiyo hudai uso laini zaidi kuliko zile za zamani zenye nyuzi na grafaiti. Kadhalika aulizwe mwenye mashine ameondoa kiasi gani. Aliye stadi hujibu kwa sehemu za mia za milimita; ajibuye kwamba ameondoa kidogo tu, hakupima. Jibu hili lina maana, kwa sababu kila kinachoondolewa hupandisha kompresheni na kuisogeza kamshafti karibu na krankshafti, na hedi iliyochongwa mara nyingi hufika mahali ambapo haifai tena kuchongwa.

Nyufa hupenda kukaa baina ya siti na siti, au baina ya siti na tundu la plagi. Jicho tupu haliaminiki. Iko rangi nyekundu inayopuliziwa, ikafutwa, kisha ikafuatwa na unga mweupe unaoinyonya kutoka ndani ya ufa, nayo si ghali. Hedi iliyochemka vibaya ni afadhali ipelekwe pia kujazwa hewa ndani ya maji ya moto, maana ufa wa ndani hauonekani kwa rangi.

Nafika sasa kwenye vali, ambazo ndizo moyo wa kazi yote. Utaratibu wake hauna hiari: bushi kwanza, siti baadaye, vali mwisho. Bushi ni kile kijibomba ambamo shina la vali hupanda na kushuka, na chombo cha kukatia siti huongozwa na fimbo iliyochomekwa ndani ya bushi hiyo hiyo. Basi bushi ikiwa imelika, fimbo huyumba, na siti hukatwa pembeni ya kitovu chake. Mtu akikata siti kwanza, kisha akabadilisha bushi, ameiharibu kazi yake mwenyewe. Kuipima kwa mkono, vali huinuliwa kidogo kutoka kwenye siti, shina likiwa kavu na safi, na kutikiswa upande kwa upande. Kwa vipimo vya kiwanda, nafasi isizidi milimita 0.08 kwa vali za kuingizia na 0.10 kwa za kutolea; mkono uliozoea hutambua kupita kiasi hicho, ila usiozoea ukope kifaa na kupima.

Siti yenyewe ni mkanda wa nyuzi 45, na upana wa mkanda huo katika injini hii uwe baina ya milimita 1.0 na 1.4. Kipimo hiki si urembo. Mkanda huu una kazi mbili, kuzuia moto usipenye na kupitisha joto, na kazi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwani vali ya kutolea moshi humwaga sehemu kubwa ya joto lake kwenye hedi, na kwa hedi kwenye maji, katika ule muda mfupi tu inapokuwa imekaa juu ya siti. Mkanda ukiwa mwembamba kupita kiasi, joto halina mlango na vali huungua. Ukiwa mpana kupita kiasi, nguvu ya springi hutawanyika, masizi hunaswa, na uzibaji hudhoofika. Tena mkanda ukutane na vali katikati ya uso wake, si kwenye ukingo wa nje wala karibu na shina. Ukiwa juu mno au chini mno, huhamishwa kwa kukata kwa pembe nyingine, kwa desturi nyuzi 30 juu na 60 chini, kisha kurudiwa kwa 45. Kwa sababu hiyo siti iliyokatwa na stadi huonesha pete tatu zilizopangana, zenye mipaka mikali, na ile ya katikati ina upana ule ule pande zote. Ikiwa pana upande huu na nyembamba upande ule, fimbo iliyumba. Zitazame siti zote 16 kwa zamu: kazi njema hufanana, na siti moja iliyo tofauti na nyingine ina hadithi ambayo fundi sharti aweze kuieleza.

Ukingo wa vali, yaani unene uliobaki kati ya uso wake uliochongwa na kitako chake, usipungue milimita 0.5, ulio mpya huwa baina ya 0.8 na 1.2. Vali iliyonolewa mpaka ukingo wake ukawa kama wembe hupata moto kupita kiasi na kuweza kuwasha mafuta kabla ya plagi.

Mintarafu ya kusaga vali kwa rojo, desturi ambayo mafundi wengi wa uani huipenda na ambayo mimi pia naiheshimu, rai yangu ni kwamba kusaga ni njia ya kuuliza kuliko kuwa njia ya kuponya. Rojo laini kidogo, vali ikizungushwa mbele na nyuma kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya, ikiinuliwa mara kwa mara na kuhamishwa mahali, huacha pete ya kijivu isiyong'aa. Pete hiyo ikiwa kamili, nyuso mbili zimekubaliana, na kazi ikome hapo. Ikiwa na mwanya, kusaga saa nzima hakutaleta heri, bali kutachimba mfereji katika uso wa vali na kuutanua mkanda wa siti kupita kipimo; jibu ni kurudi kwenye kukata. Ukiona vali yenye mfereji unaohisika kwa ukucha, jua mtu alijaribu kuilazimisha rojo ifanye kazi ya kisu. Na rojo yote ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka isibaki hata punje, hasa ndani ya bushi, kwani punje hiyo haichagui kati ya chuma kinachotakiwa kulika na kile kisichotakiwa.

Springi zipangwe wima juu ya kioo, na ile iliyoinama au iliyo fupi kuliko wenzake ibadilishwe. Sili za vali ziwe mpya siku zote, hakuna mjadala. Kisha huja jaribio la kikombe. Hedi ikiwa imepinduliwa na plagi zimefungwa, vyumba hujazwa mafuta ya taa, na matundu ya kuingizia na kutolea humulikwa kwa tochi. Petroli hupenya upesi zaidi, ila uani penye jiko la mkaa na watoto sitaki kuishauri. Baada ya dakika kadha tundu liwe kavu. Unyevu ukitokea nyuma ya vali, vali hiyo itolewe tena, hata kama usiku umeingia na mwenye gari anasubiri.

Hedi ya mtumba, kama zile zinazotoka Sharjah na kuuzwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, huhukumiwa kwa mizani ile ile, pamoja na jambo moja la ziada: ichunguzwe midomo ya njia za maji. Alumini iliyoliwa na kutu kuzunguka midomo hiyo, ikawa na vishimo mpaka mahali ambapo pete ya gasketi hukaa, haitaokolewa na gundi. Hedi iliyong'arishwa sana, isiyo na hata alama ya masizi, isinunuliwe kwa haraka, maana ushahidi wote umekwisha futwa na muuzaji ndiye aliyeufuta.

Baada ya siti kukatwa, vali huzama ndani kidogo, shina lake hupanda, na nafasi baina yake na kamshafti hupungua. Kwa hiyo nafasi za tapeti zipimwe upya injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingizia, 0.20 hadi 0.30 kwa za kutolea, na shimu zibadilishwe inapohitajika. Hapa sikio humdanganya mwenye gari. Injini yenye nafasi kubwa hugonga kidogo na kulalamikiwa, ilhali ile yenye nafasi iliyokwisha ni kimya, nyororo, ya kusifiwa, na vali zake za kutolea hazifungi kikamilifu, zinaungua katika ukimya huo. Afadhali mlio hafifu wa saa ya ukutani kuliko unyamavu usiopimwa.

Katika kufunga, matundu ya bolti katika bloku yasafishwe na kukaushwa kabisa. Mafuta au maji yakibaki chini, bolti huyakandamiza, na hayo yaweza kupasua bloku au kuidanganya toki renchi ionekane imefika kumbe bado. Meno ya bolti na sehemu ya chini ya kichwa chake zipakwe mafuta kidogo. Bolti hizi ni za urefu wa namna mbili, milimita 90 na 108, kila moja ikiwa na mahali pake, na hukazwa kutoka katikati kwenda pembeni: kwanza niutoni-mita 29 kwa awamu, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Mwangalie fundi atiaye alama ya rangi mbele ya kila bolti kabla ya kuizungusha. Alama zote zikimaliza zikielekea nyuma, hakuna iliyosahauliwa. Bolti iliyokonda shingo isirudishwe. Silikoni isipakwe juu ya gasketi ya hedi hata kidogo, kwa kuwa ziada yake humeguka na kuziba mifereji. Mahali pake ni zile pembe chache tu zilizoagizwa na kiwanda.

Hata hivyo kazi hii yote yaweza kupotea kwa sababu ya maji. Iko desturi iliyoenea, ya kuing'oa themostati kwa dhana kwamba nchi yetu ni ya joto na injini haiihitaji, na nyingine ya kujaza rejeta maji ya kisima, ambayo katika miji ya pwani mara nyingi yana chumvi. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84 za Selsiasi, na kazi yake ni kuiweka hedi katika joto lisiloyumba. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, mafuta huchafuka na ringi hulika, wala chanzo cha kuchemsha, kama ni rejeta iliyoziba au feni iliyokufa, hakijaondolewa. Chumvi nayo huila alumini kuanzia kwenye midomo ile ile niliyoitaja. Fundi akikurudishia gari pamoja na themostati ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, mwombe airudishe mahali pake au aweke mpya, na rejeta ijazwe maji yaliyochujwa yenye dawa ya kuzuia kutu.

Injini iachwe iwake mpaka themostati ifunguke na feni izunguke, kisha ipoe usiku mzima, na asubuhi kimo cha maji kitazamwe kabla ya kuwasha. Baada ya kilomita mia kadha kompresheni ipimwe tena kwa masharti yale yale ya mwanzo, na namba mpya ziandikwe kando ya zile za zamani. Zikiwa zimepanda na kukaribiana, kazi imekubalika. Ikiwa silinda moja imebaki nyuma, itiwe kijiko cha mafuta na kupimwa tena kabla ya bolti yoyote kuguswa, kwa kuwa vali zinazoziba vema huzidishia ringi zilizochoka mzigo, na udhaifu uliokuwa umefunikwa na ule wa hedi sasa hujitokeza wenyewe.